Kushikana Mikono katika Biashara

Siku hizi vijana wetu wengi wakisha kumaliza shule huingia katika mafunzo ya biashara, na huko, pamoja na hesabu za vitabu na namna ya kuandika barua za kuomba kazi, hufundishwa pia jinsi ya kuamkiana na watu. Tumeyaona madaftari yao. Humo mna mafundisho ya mkono yaliyopangwa kama amri: utoe mkono wa kuume, kiganja kisielekee juu wala chini, uushike mkono wa mwenzako kwa nguvu ya kiasi, usiuponde wala usiulegeze, utikise mara mbili au tatu, umtazame machoni, utaje jina lako, kisha uachie. Mwanafunzi huyakariri kama alivyokariri majedwali ya kuzidisha, akayajaribu kwa nduguze, na mwisho akaenda nayo mbele ya tajiri awezaye kumpa kazi au kumnyima.

Hatusemi kwamba mafundisho hayo ni mabaya. Lakini kwa kuwa yamekuwa kama sheria, na kwa kuwa wako watoto wetu wanaokosa riziki kwa ajili ya viganja vyao, imetupasa kuyapima kama tupimavyo kitabu chochote kitiwacho mikononi mwa mwanafunzi. Yametoka wapi? Yana kweli gani? Na ni mambo gani yaliyoachwa nje?

Wenye madaftari hayo husema kwamba watu wa kale walishikana mikono ili kila mmoja aonyeshe kuwa hakuficha silaha. Huenda ikawa kweli, lakini ni masimulizi yasiyo na ushahidi, nasi twashangaa jinsi yanavyonakiliwa kutoka daftari hata daftari. Lenye ushahidi ni hili: katika nyumba ya makumbusho ya Baghdad kuna jiwe la kiti cha enzi cha Shalmaneser wa Tatu, mfalme wa Ashuru katika karne ya 9 kabla ya Kristo, na juu ya jiwe hilo mfalme huyo amechongwa akishikana mkono na mfalme wa Babeli. Wale hawakuwa wachuuzi, walikuwa wafalme, na mkono wao ulikuwa mapatano ya nchi mbili. Wayunani nao waliuchonga mkono katika mawe ya makaburi, aliye hai akiagana na aliyekufa. (Jirani zetu wa Kenya hawahitaji kwenda Baghdad. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walishikana mikono mbele ya watu mjini Nairobi baada ya ugomvi mkubwa wa uchaguzi, na tangu siku hiyo neno handisheki limekuwa neno la siasa katika magazeti yao.)

Basi mkono uliingiaje dukani? Wanahistoria wengi huwataja Wakristo wa Uingereza wa karne ya 17 waliojiita Marafiki, ambao wengine waliwaita Quakers. Watu hao walikataa kuvua kofia mbele ya mkubwa, wakakataa kuinama, wakakataa majina ya utukufu. Nao walimpa kila mtu mkono, bwana na mtumishi sawasawa. Jambo hilo halikuwa mchezo. Mwaka 1670 mmoja wao, William Penn, alitozwa faini katika mahakama ya London kwa sababu ya kofia iliyokuwa kichwani mwake. Na watu hao hao ndio waliojulikana katika biashara kwa kutaja bei moja tu kwa kila mnunuzi, hata mzazi aliweza kumtuma mtoto dukani asiogope kwamba atapunjwa. Benki za Barclays na Lloyds, na chokoleti ya Cadbury, zina asili yake katika jamii hiyo.

Hapa ndipo tunapoona kiini cha jambo ambacho madaftari yamekiacha. Mkono huo, tangu asili yake katika maduka ya Kiingereza, ni salamu ya watu wasiokubali kuulizana nani mkubwa. Bei moja na mkono mmoja ni mapacha. Anayefundisha namna ya kubana vidole bila kufundisha habari hii amefundisha ganda la nazi akaisahau nazi yenyewe.

Salamu zetu zina jengo jingine. Sisi twaanza kwa kuuliza, pasipo kusema kwa kinywa, nani mkubwa hapa? Mdogo husema shikamoo, na wazee watuambia ya kuwa neno hilo lilikuwa kusema nashika miguu yako. Mkubwa huitika marahaba. Mwenye adabu akimpa mzee mkono wa kuume hutia mkono wa kushoto chini ya kiwiko chake, kana kwamba mkono ule ni mzigo mzito. Mwanamke wa Kiganda hupiga magoti, na vivyo hivyo katika makabila mengine ya kandokando ya Ziwa Viktoria. Mtoto wa Kimasai huinamisha kichwa, mzee akakigusa. Huko Lamu watu hubusu mikono ya masharifu. Tena mkono wetu wa kawaida si wa kubana. Ni mwororo, hukaa sana, na watu wawili huweza kuzungumza habari za mvua, za wagonjwa na za ng'ombe waliopotea, viganja vyao vingali pamoja. Mgeni asiyejua hudhani kwamba tumesahau kuachiana.

Wako wasemao ya kuwa salamu zetu ndefu zapoteza wakati wa kazi. Sisi hatukubali, walau si mara zote. Mtu aendaye mnadani kununua mbuzi, akauliza habari za nyumbani, za mvua na za malisho, kabla hajauliza bei, amekwisha kujua nusu ya bei. Waarabu wa Ghuba hufanya vivyo hivyo kwa kahawa: mgeni hunyweshwa vikombe vidogo kwanza, naye hukitikisa kikombe akiwa ametosheka, na maneno ya mali hufuata nyuma. Hao ni wafanya biashara tangu kale wala hakuna awaitaye wavivu.

Kasoro yetu haimo katika urefu. Imo mahali pengine, nasi tutaisema wazi hata ikiwauma wengine.

Mwaka mmoja, wakati wa mavuno, tulisimama katika safu ya watu mbele ya ghala moja ya kununulia mazao. Nyuma ya meza alikuwapo karani, kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, na mbele yetu mzee aliyepita miaka sabini, mwenye magunia matatu. Zamu yake ilipofika, mzee alivua kofia, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, bosi." Kijana, macho yake yangali katika daftari, akaitika, "Marahaba. Weka gunia." Magunia yakawekwa juu ya mizani moja baada ya moja. Karani akataja uzito, akaandika. Tuliona mzee akisita. Alifungua kinywa, kisha akakifunga, akapokea karatasi yake, akatoka.

Tulimfuata nje, kwani tulimfahamu, tukamwuliza, "Babu, mbona ulisita? Uzito ule haukukuridhisha?"

Akajibu, "Nyumbani niliyapima kwa mizani ya jirani. Hapa yamepungua."

"Basi mbona hukumwuliza karani?"

Akatutazama kama mtu atazamavyo watoto, akasema, "Wajukuu zangu, nitamwulizaje mtu niliyekwisha kumshika miguu?"

Hatujui kama mizani ya ghala ile ilikuwa na kosa, au ile ya jirani. Huenda magunia yalikuwa yamekauka njiani. Lakini swali lenyewe halikuulizwa, na halikuulizwa kwa sababu ya salamu. Mzee aliitoa heshima ya umri wake akaiweka chini ya cheo cha mtoto, na kijana akaipokea kama sehemu ya mshahara wake. Kuanzia hapo mizani ilikuwa ya karani peke yake. Wasomaji wetu wajue ya kuwa jambo hili si la ghala moja. Mwende katika madirisha ya benki, katika ofisi za vibali na za leseni, katika maduka makubwa ya pembejeo: mtasikia watu wenye mvi wakiwaambia vijana shikamoo, na vijana wakiitika bila haya. Neno lililoundwa kwa umri limehamishwa likawa la fedha na kiti. Wazee wetu walikuwa na salamu za kuwaheshimu wenye mamlaka, hilo ni kweli. Lakini mwenye mamlaka wao alijua jina la baba yako na idadi ya watoto wako, naye aliweza kuulizwa barazani mbele ya watu wote. Karani haulizwi barazani.

Wako makarani wema, na haki ni kuwataja. Tumemwona binti mmoja katika ofisi ya mji, mwanamke mzima alipotaka kumwamkia, akawahi kusimama akasema, "Hapana, Mama, shikamoo ni yangu," akamvutia kiti. Yule mama alikaa, akafungua karatasi zake, akauliza maswali sita, kila swali likajibiwa. Tulihesabu. Salamu ile ilichukua muda mfupi kuliko kupiga muhuri, nayo iliwapa wote wawili mahali pao: binti ni mtoto mbele ya mama, na mama ni mteja mwenye haki mbele ya karani. Twapenda walimu wa mafunzo ya biashara waandike habari hii katika madaftari yao kabla ya habari za kubana vidole.

Na wachuuzi je? Hao ni mabingwa wa kinyume chake. Huko sokoni kila apitaye ni mjomba, au shemeji, au mama mkwe, na mkono wako hushikwa kabla hujautoa. Udugu huo huanzia kwenye fungu la nyanya ukaishia papo hapo. Twacheka, hatuwalaumu sana, maana mnunuzi naye huita ndugu akitaka kupunguziwa.

Sasa tuyarudie mafundisho ya nguvu za mkono, kwani yako yaliyo kweli ndani yake. Mwaka 2000 mtaalamu William Chaplin na wenzake katika Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, waliandika habari za wanafunzi 112 walioshikwa mikono na wapimaji waliofunzwa kazi hiyo. Waliona kwamba mkono ulio imara, wenye kutazamana macho, uliambatana na mtu mchangamfu asiyeona haya, na ya kwamba uliwafanya wapimaji wamwone mtu huyo kwa wema zaidi tangu mwanzo. Mwaka 2008 Greg Stewart na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa walipima mikono ya wanafunzi 98 katika usaili wa kujaribia, wakaona kwamba waliokuwa na mkono mzuri walipendekezwa zaidi kwa kazi. Basi yule mwalimu amwambiaye kijana kaza mkono kidogo, hamdanganyi. Anamwambia jinsi watu fulani wanavyohukumu.

Lakini tuangalie walipimwa akina nani: wanafunzi wa vyuo vya Marekani, wakipimwa na Wamarekani, katika desturi waliyozaliwa nayo. Haikuonyeshwa kwamba mtu mwenye mkono mlegevu ni mwizi, au mvivu, au hajui hesabu. Ilionyeshwa tu kwamba yule mwenye kuajiri hupendezwa. Tena, katika nchi yetu, kijana aliyelelewa vizuri amefundishwa na mama yake asimkazie macho mkubwa. Anapoingia katika chumba cha usaili akakuta watu watatu wenye miwani, macho yake hushuka yenyewe, na mkono wake huwa mwepesi kwa heshima. Tajiri aliyesoma madaftari yale huandika kando ya jina lake kwamba hajiamini, au kwamba anaficha jambo. Na ikiwa tajiri huyo ni mwenzetu, aliyelelewa na mama wa namna ile ile, basi ni ajabu kubwa zaidi: amesahau lugha ya nyumbani kwao, na kwa kusahau kwake mtoto wa mwenzake analala na njaa.

Ushauri wetu kwa vijana ni huu. Mkono wa mjini ujifunzeni kama mnavyojifunza Kiingereza. Mtu ajifunzapo Kiingereza hatupi Kiswahili shimoni. Mbele ya kampuni ya wageni, kaza kidogo, tazama, taja jina. Ukirudi kwa babu yako, legeza, tia mkono wa kushoto chini ya kiwiko, na macho yashuke. Aonaye haya kwa mojawapo hajajua yote mawili. Na Mjapani naye, atoaye kadi yake kwa mikono miwili na kuinama, hajasikia popote kwamba mkono usiobana ni dalili ya hila.

Lipo pia jambo la wanawake na la dini, ambalo madaftari hulipita mbio. Mwaka 2016 katika mji wa Uppsala, Uswidi, binti mmoja Mwislamu alikwenda kusailiwa kwa kazi ya ukalimani. Bwana mmoja wa kampuni akamnyoshea mkono. Binti akaweka kiganja chake kifuani, akaeleza kuwa dini yake yamkataza kushika mkono wa mwanamume asiye wa jamaa yake. Usaili ukakomeshwa. Shauri lilifika katika Mahakama ya Kazi ya nchi ile, na mwezi wa Agosti 2018 ikaamuliwa kampuni imlipe kroner 40,000. Mahakama ilikubali ya kuwa kampuni ina haki kutaka wanaume na wanawake watendewe sawa. Haikukubali kwamba usawa huo lazima uonyeshwe kwa kushikana mikono na si kwa njia nyingine. Twaona hukumu hiyo ilikuwa ya busara. Sisi wa Pwani na wa Bara tumekaa na Waislamu vizazi vingi, twajua kiganja kifuani ni salamu kamili, wala hapana aliyewahi kushindwa kununua kanzu kwa sababu hiyo. Tungeweza kuwafundisha Wazungu jambo hili bure. Badala yake, tumesikia ya kwamba wako hata hapa kwetu wasimamizi waonao binti mwenye haya kuwa ni mwenye kiburi.

Na sasa mkono ulio wa mapatano. Madalali wa mifugo wa Kisomali, ambao jina lao la kazi ni ndugu ya neno letu dalali kwa kuwa yote mawili yametoka katika Kiarabu, wana desturi ya kuingiza mikono chini ya shuka na kupatana bei kwa vidole. Kidole kimoja kikishikwa ni moja, au kumi, au mia, kwa kadiri ya mali inayotajwa, na watu waliosimama karibu hawajui kitu. Wafanya biashara wa lulu wa Ghuba nao walifanya hivyo zamani. Katika soko la almasi la Antwerp, huko Ubelgiji, mpaka leo watu hufunga mauzo ya fedha nyingi kwa kushikana mikono na kutamka maneno mawili ya Kiebrania, mazal u'bracha, yaani bahati na baraka. Tukisikia hayo twaweza kudhani kwamba mkono watosha. Sivyo. Nyuma ya mkono wa Antwerp kuna baraza la wenye almasi, na avunjaye neno hufukuzwa sokoni, asipate wa kumwuzia. Mkono wao una nguvu kwa sababu una kiti cha hukumu nyuma yake.

Mkono wetu wa kijijini ulikuwa na wazee nyuma yake. Je, bado wapo? Mtu huuza shamba leo kwa kushikana mikono chini ya mwembe mbele ya mashahidi wawili. Baada ya miaka kumi mashahidi wamekufa, na watoto wa mwuzaji wanakuja na panga. Katika Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka mapatano ya kuhamisha ardhi yawe katika maandishi, na ardhi ya kijiji haihamishwi pasipo idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Kumwomba ndugu yako karatasi si kumtukana. Mpe mkono kwanza, kisha mwandike.

Jambo hilo lina jamaa yake katika vikundi vyetu vya mikopo. Kitabu cha Mithali chaonya zaidi ya mara moja juu ya mtu apanaye mkono kwa ajili ya deni la mwingine, na wasomaji wetu wengi wameisikia mistari hiyo kanisani bila kukumbuka kwamba yawahusu wao. Mwenzako asimamapo katikati ya kikundi akuombe uwe mdhamini wake, na watu wote wakutazama, ni vigumu kuuzuia mkono usitoke. Unatoka kwa adabu, kama salamu. Tumeona kitanda, cherehani na mabati yakichukuliwa katika nyumba ya mtu ambaye hakukopa hata senti, ila alitoa mkono.

Tusifiche pia mkono ule mwingine, ulio na noti iliyokunjwa ndani. Mkono mtupu haulambwi, husema watu wakicheka, na mbele ya dirisha la ofisi maneno hayo yamepata maana yasiyokuwa nayo jikoni. Salamu hiyo ni nyepesi sana, haina sauti, mwenye kuitazama kwa mbali huona adabu tupu. Katika mafunzo ya biashara hatujaona ukurasa wa kumfundisha kijana namna ya kukataa mkono wa jinsi hiyo pasipo kumwaibisha mtoaji mbele ya watu, wala namna ya kukataa kuutoa. Hilo ni somo gumu kuliko la kutikisa mara tatu. Nasi tungelipenda kuona mtu mwenye kazi ya siku nyingi ofisini akiliandika.

Magonjwa nayo yameupima mkono. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, Wales, walionyesha kwamba kushikana mikono hupitisha vijidudu karibu mara kumi kuliko kugonganisha ngumi. Mwaka huo huo katika Liberia, nchi ambayo watu wake hushikana mikono na kumalizia kwa kualisha vidole, ugonjwa wa Ebola uliwafanya waache salamu hiyo waipendayo. Kisha ikaja korona. Tarehe 9 Machi 2020 Waziri Mkuu wa Uholanzi, Mark Rutte, aliwatangazia watu wake wasishikane mikono tena, na papo hapo akamgeukia mtaalamu wa afya aliyekuwa kando yake akampa mkono, wakacheka wote. Mwezi huo huo hapa Tanzania, Rais John Magufuli alipompokea Maalim Seif Sharif Hamad Ikulu, waliamkiana kwa kugusana miguu. Twakumbuka jinsi wazee wa kijijini walivyocheka walipoiona picha ile. Kisha baada ya juma moja nao wakawa wanagusana viatu mlangoni mwa kanisa.

Katika miezi ile kahawa iliuzwa, mbuzi waliuzwa, mikopo ilitolewa na kulipwa au kutolipwa kama kawaida. Aliyekuwa mwaminifu alibaki mwaminifu kwa kiganja kifuani. Mapatano hayakuvunjika kwa kukosa vidole. Lakini watu hawakufurahi. Walikuwa kama watu wanaokula chakula kisicho na chumvi, na mara hofu ilipopungua mikono ilirudi yenyewe, bila tangazo la mtu yeyote. Wataalamu wa chuo cha Weizmann katika Israeli waliandika mwaka 2015 kwamba watu wakisha kushikana mikono huelekea kukileta kiganja karibu na pua pasipo kujua, kana kwamba wanusa habari za mwenzao. Sisi hatukushangaa sana. Ng'ombe hufanya hivyo waziwazi.

Limesalia jambo moja dogo ambalo twalipenda. Mwende asubuhi pwani wakati vyombo vinaporudi, au katika bucha, au kwa fundi wa baiskeli aliye na grisi mpaka viwikoni. Mkimpa mkono, hatakataa, wala hatawachafua. Atakunja vidole vyake ndani na kuwatolea kifundo cha mkono, nanyi mtakishika kifundo hicho, mtaulizana habari, na kisu au spana itaendelea na kazi yake. Mtoto wa mwuza samaki hulijua jambo hili kabla hajajua kusoma, hata akienda mjini kusoma biashara. Katika madaftari yote tuliyoyafungua hatukukuta mstari hata mmoja juu yake.